Safari ya Matema kwenye mashindano ya mitumbwi ya Oktoba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wazazi, walezi na wachezaji wa timu yetu ya vijana ya kupiga makasia hapa Mbeya mjini. Wiki mbili kabla ya safari simu ya kocha na ya matroni haziwekwi chini, na maswali ni yale yale. Tumeyajibu hapa kwa jinsi yanavyoulizwa, mengine kwa maneno yenu wenyewe. Ukiwa na haraka, soma jibu la kwanza, maana ndilo linaloeleza karibu kila kitu kwenye ratiba.

Kocha, mashindano ni Jumamosi. Kwa nini mnawaondoa watoto Ijumaa saa tano asubuhi, wakose vipindi?

Kwa sababu ya upepo.

Matema iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ziwa hili ni jembamba na refu, zaidi ya kilomita 550 toka kusini hadi kaskazini, na limebanwa na milima. Upepo wa kusini ukianza kuvuma hakuna cha kuuzuia. Mawimbi yanakuja yakikua njia nzima, na mwisho wa njia yenyewe ni pale ufukweni tunapoweka maboya yetu. Kati ya Mei na Agosti upepo huo, ambao wavuvi wengi huuita mwera, unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, na utaona mitumbwi yote imevutwa juu mchangani, wenyewe wamekaa chini ya miembe wakishona nyavu. Ndiyo maana mashindano ni Oktoba, mwera ukiwa umepungua na mvua hazijaanza.

Lakini hata Oktoba kuna upepo wa kila siku. Jua likipanda, nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake hupanda, na hewa ya ziwani huingia kuziba pengo. Maji ambayo saa kumi na mbili asubuhi yametulia kiasi cha kuona changarawe chini, ikifika saa tano yameshaanza kupiga povu. Mtumbwi wa gogo uliobeba vijana sita hubaki na kiganja kimoja tu cha ubao juu ya maji. Wimbi dogo ambalo boti ya injini haitalisikia, mtumbwi huo utalinywa.

Basi mbio ya kwanza ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ya mwisho lazima iwe imekwisha saa nne. Ili mtoto awe majini saa hiyo, sharti awe amelala Matema. Ili alale vizuri, sharti afike kabla ya giza, ale, afunge chandarua, aone njia ya mbio kwa macho yake. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka hapo unaipata Ijumaa saa tano.

Shule itakubali?

Shule nyingi zinakubali zikiombwa mapema. Barua ya kwa mkuu wa shule ipo tayari kwa matroni. Ichukue wiki mbili kabla, usiipeleke Alhamisi jioni. Kidato cha pili na cha nne hatuwachukui kabisa, hata mzazi akibembeleza, kwa sababu mitihani yao ya taifa iko mlangoni. Darasa la saba wao wameshamaliza wa kwao Septemba, na ndio wanaolijaza basi letu la Kosta.

Hii ndiyo ile michezo ya makasia ya Olimpiki?

Ni ndugu zake. Kwenye mbio za makasia za Olimpiki mchezaji hukaa ameupa mgongo mwelekeo anaokwenda, makasia yamefungwa kwenye boti, na kiti kinateleza mbele na nyuma ili miguu ifanye kazi kubwa. Sisi tunatazama mbele, tumepiga magoti, na kila mmoja ameshika kafi lake mkononi. Kwa ufundi huo tuko karibu zaidi na mbio za kanuu, ambazo nazo ziko Olimpiki tangu 1936.

Vijana wakilalamika kwamba upepo umetufutia mbio, huwa tunawakumbusha kuwa Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, Athens 1896, mbio za makasia zilipangwa na hazikufanyika kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Zilianza kweli Paris, 1900. Wanawake wakaruhusiwa 1976 kule Montreal. Na Los Angeles 2028 kutakuwa na mchezo mpya wa makasia: mshindani anakimbia mchangani, anaruka ndani ya boti, anazunguka maboya, anarudi ufukweni na kukimbia tena mpaka kwenye kengele ya mwisho. Mtoto yeyote aliyekulia Matema au Ikombe akisikia maelezo hayo atakuuliza kipya ni kipi.

Barabara ikoje? Mwanangu anatapika kwenye gari.

Ni kilomita 130 na kitu. Tunatoka Mbeya, Uyole, tunapanda Isyonje, tunashuka Kiwira, Tukuyu, halafu tunaiacha barabara kuu Kikusya na kushika lami ya Ipinda hadi Matema. Kwa ramani ni safari fupi. Kwa tumbo la mtoto ni ndefu, maana Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na ziwa halifiki mita 500. Tofauti hiyo yote inashukwa kwa kona.

Anayetapika akae viti vya mbele, asisome simu, na asipande gari tumbo likiwa tupu wala likiwa limejaa chipsi. Mpe mifuko miwili, sio mmoja. Tangawizi inawasaidia baadhi.

Halafu nguo. Isyonje kunaweza kuwa na ukungu mzito na baridi ya kuuma saa sita mchana, na saa tatu baadaye mtoto huyo huyo yuko Ipinda anatokwa jasho. Sweta iwe mkononi, isiwe chini ya begi kwenye buti.

Tunasimama Tukuyu kabla ya saa saba. Vijana wa Kiislamu wanakwenda swala ya Ijumaa pamoja na mwalimu mmoja, wengine wanakula. Kusimama huku hakuna haraka na tumekuweka kwenye ratiba makusudi, kwa hiyo msitupigie kuuliza mbona bado tuko Tukuyu.

Dereva ni mmoja tunayemfahamu, gari linakaguliwa siku moja kabla, na hatusafiri usiku. Hilo la usiku halijadiliwi.

Hajui kuogelea vizuri. Anaweza kwenda?

Anaweza kwenda, ila hataingia kwenye mtumbwi wa mashindano. Kila mchezaji lazima aogelee mita 50 akiwa amevaa kaptula na fulana, kisha aelee mahali pamoja dakika mbili bila kushika kitu. Jaribio hilo hufanyika hapa Mbeya kabla ya majina kutumwa, si kule ziwani ambako mtoto anaweza kujikaza kwa aibu mbele ya wenzake. Asiyefaulu anapewa kazi ya kweli: kushika saa, kuandika matokeo, kupokea mitumbwi ufukweni. Wapo walioanza na saa mkononi mwaka mmoja na mwaka uliofuata wakakaa mbele kabisa ya mtumbwi.

Mzazi mmoja aliwahi kusema: "Si wanavaa majaketi, kuogelea kwa nini?" Jaketi linamshikilia mtu juu ya maji. Halimfundishi kutulia. Mtoto asiyezoea maji usoni huhangaika, humshika mwenzake shingoni, na hapo mnakuwa na wawili wa kuokoa.

Hayo majaketi okozi mnayakagua vipi?

Hili tutalieleza taratibu, kwa sababu wengi hudhani jaketi ni jaketi.

Kila jaketi lina maandishi ndani yanayosema linafaa mtu wa kilo ngapi. Mtoto wa kilo 35 akivaa la mtu mzima, maji yakimpokea jaketi litapanda peke yake na yeye atabaki chini, kidevu kimenasa kwenye kola. Kwa hiyo kabla ya kila kuingia majini mwalimu anapita kwenye mstari, anafunga buckle zote tatu kwa mkono wake, kisha anashika mabega ya jaketi na kulivuta juu kwa nguvu. Likifika masikioni, linavuliwa na mtoto anatafutiwa jingine. Tunakagua pia mshono wa mikanda na kulifinya jaketi lenyewe: sponji iliyokufa hubaki imebonyea. Lililobonyea halipandi gari.

Anayefungua jaketi akiwa majini, hata kama ni kwa sababu ya joto, mtumbwi wake wote unarudi nje. Sheria hiyo haina mkubwa wala mdogo. Sisi wenyewe makocha tunavaa.

Sisi tuliosikia habari za MV Bukoba na MV Nyerere tunaogopa. Mtatuambia nini?

Kwamba kuogopa ni haki yenu. MV Bukoba ilizama Mei 1996 na MV Nyerere Septemba 2018, zote Ziwa Victoria, na katika zote mbili jambo la kwanza kutajwa ni watu na mizigo kuzidi uwezo wa chombo. Kwetu mtumbwi wa sita unabeba sita. Hakuna wa saba wa kupiga picha, hakuna kaka mdogo wa kumzungusha kidogo.

Zaidi ya hapo: boti mbili za injini zinakuwa majini muda wote wa mbio, zikiendeshwa na wavuvi wenyeji ambao tunakubaliana nao kupitia BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha pale ufukweni. Njia ya mbio ni sambamba na ufuko, haielekei katikati ya ziwa. Hilo la mwisho lina sababu. Ziwa Nyasa linazidi mita 700 mahali lilipo na kina kikubwa, na upande wa Matema, chini ya Milima ya Livingstone, kina huanza karibu sana na nchi kavu. Hatuna shughuli huko.

Mtumbwi ukipinduka, vijana wamefundishwa jambo moja kwanza: kuushika. Gogo likijaa maji bado linaelea. Anayejifanya hodari na kuogelea kwenda nchi kavu peke yake ndiye anayetutia wasiwasi, siyo watano waliobaki wameshikilia ubao wakiimba.

Na mamba?

Wapo katika Ziwa Nyasa, hatutawadanganya. Hupenda midomo ya mito, kwenye matete na maji ya tope, kama pale Mto Lufilyo unapoingilia ziwani. Njia yetu iko mbali na mdomo wa mto, kwenye mchanga mweupe na maji maangavu. Kabla ya kuweka maboya tunawauliza wenyeji kama kuna aliyeonekana karibuni, na wakisema sogezeni, tunasogeza. Hakuna mtoto anayeoga ziwani jioni wala usiku. Kati ya yote mliyoyauliza, hili ndilo linaloulizwa zaidi, na kwa maoni yetu ndilo linalostahili kuwakosesha usingizi kwa uchache zaidi. Ogopeni barabara na upepo.

Kichocho je?

Hapa ndipo tungependa maswali yawe mengi kuliko ya mamba.

Kichocho kipo Ziwa Nyasa. Konokono wanaobeba vimelea hupenda maji ya kina kifupi, yaliyotulia, yenye majani. Vimelea vikitoka kwenye konokono vinapenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu, hahisi chochote. Kwa hiyo tunaingilia majini kwenye mchanga ulio wazi, hatukai tukichezea maji ya ukingoni, na mtoto akitoka anajifuta kwa taulo papo hapo na kuoga maji safi. Hayo yanapunguza hatari, hayaifuti.

Kinachobaki ni vipimo. Usimpeleke kupimwa Jumatatu asubuhi. Utapewa majibu mazuri yasiyo na maana. Mpeleke baada ya wiki sita hadi nane, na mweleze daktari kwamba aliingia Ziwa Nyasa. Dawa yake, prazikwanteli, inajulikana na wengi wa watoto hawa wameshaimeza kwenye kampeni za shuleni. Huua minyoo iliyokomaa, ndiyo sababu nyingine ya kusubiri.

Malaria?

Mbeya mjini tunajisahau kwa sababu ya baridi. Kyela, wilaya iliyo na Matema, ni joto na mbu ni wa kwao. Chandarua kipo kwa kila kitanda na tunakikagua kwa tochi. Mtoto aje na shati la mikono mirefu, suruali ya jioni na mafuta ya kufukuza mbu. Homa ikimpata kuanzia wiki moja baada ya kurudi, apimwe malaria siku hiyo hiyo, msianze na panadol na "tuone kesho".

Usiku wa safari mtalala wapi, na nani anakaa na watoto?

Nyumba ya wageni iliyo hatua chache kutoka ufukweni. Wavulana upande mmoja, wasichana upande mwingine, matroni analala upande wa wasichana na mwalimu wa kiume upande wa wavulana. Mgeni haingii vyumbani, awe mjomba, awe kaka wa nani. Taa zinazimwa saa tatu usiku. Hawatalala saa tatu, tunajua.

Binti yangu anaweza kuwa kwenye siku zake. Afanyeje?

Amwambie matroni, au asimwambie. Pedi na nguo ya ziada nyeusi zipo kwenye begi jekundu na kila msichana anajua lilipo. Akitaka kushindana, anashindana. Akitaka kupumzika, jina la wa akiba linasomwa na hakuna anayeulizwa sababu mbele ya watu.

Sisi ni Wasabato. Jumamosi itakuwaje?

Tuambieni mapema, basi. Mchujo ni Jumamosi, fainali ni Jumapili. Kijana Msabato anapangwa kwenye mtumbwi wa Jumapili, na Jumamosi anakwenda ibada au anabaki kimya kwenye nyumba ya wageni pamoja na mwalimu mmoja. Wenzake wanamsogezea nafasi yake fainali ikifika. Kuna wazazi wa wachezaji wengine walionung'unika kwamba huyo hakutoka jasho la mchujo. Uamuzi ni wetu, na haujabadilika.

Wanakula nini?

Alfajiri ya mbio, saa kumi na moja kasoro: uji wa karanga, ndizi mbivu, maji. Basi. Mtoto anayepiga kafi kwa nguvu zote na maharage tumboni atayaona tena. Baada ya mbio ndipo chakula kinaanza: chapati, mayai, chai, matunda. Mchana ni wali, na wali wa Kyela ukiwa kwao hauhitaji sifa zetu, pamoja na samaki, mbasa akipatikana au usipa wa kukaanga. Jioni ugali.

Msiwape soda ya kubeba. Wapeni chupa ya lita moja yenye jina. Joto la Kyela linamkausha mtoto wa Mbeya bila yeye kujua, kwa hiyo chumvi ya ORS tunayo na tunaitoa kabla kichwa hakijaanza kuuma.

Abebe nini?

Kaptula mbili na fulana mbili zinazokauka haraka (sio jinzi, jinzi ikilowa ni jiwe). Kofia. Sweta. Ndala, na viatu vya kufunga. Taulo mbili. Shati la mikono mirefu. Shuka. Sabuni, mswaki. Kadi ya bima ya afya au nakala yake. Dawa anazotumia, zikiwa na maelekezo yaliyoandikwa na kukabidhiwa matroni, hasa wenye pumu na sikoseli.

Plasta ya kitambaa, roli moja. Hii wengi huiona kama mapambo. Ukitazama kiganja cha mpiga kafi baada ya mchujo, utaona lengelenge chini kidogo ya kidole cha pete, pale mti wa kafi unaposugua kila anapovuta, na jingine ndani ya kidole gumba cha mkono wa juu. Lengelenge halipasuliwi wala ngozi yake haikatwi. Linasafishwa, linafunikwa plasta, na kafi linapanguswa mafuta ya jana, maana vijana wengine wanapaka mafuta ya mgando wakidhani yanasaidia na kesho yake kafi linawateleza.

Simu? Anaweza kuja nayo. Inakusanywa saa tatu usiku na kurudishwa baada ya mbio.

Mitumbwi haifanani. Haki iko wapi?

Swali zuri, na kwa kawaida linaulizwa na baba aliyekaa ufukweni na kuona mtoto wake kapewa mtumbwi mzito.

Boti za mashindano ya kimataifa hutoka kiwandani zikiwa na vipimo vinavyofanana. Mtumbwi hutoka kwenye mti, na hakuna miti miwili iliyo sawa. Mmoja umechongwa ukingo mwembamba na unakimbia lakini unayumba. Mwingine una tako pana, hauyumbi, lakini ukishakaa majini siku nzima ubao unakunywa na unakuwa mzito. Ukipewa wa namna hiyo mwishoni mwa asubuhi umeonewa bila mtu kukuonea.

Kwa hiyo mitumbwi inapangwa kwa kura, kura inapigwa mbele ya wazee wa ufukweni, na kila timu inakimbia mara mbili: mara ya pili mnabadilishana mitumbwi. Muda wa mbio mbili unajumlishwa. Umbali ni mita 500, kwenda 250, kuzunguka boya, kurudi 250. Na kwa kweli mbio nyingi huamuliwa pale kwenye boya. Wa nyuma, anayeshika usukani kwa kafi lake, anatakiwa kuanza kugeuza mapema, huku kijana wa mbele kushoto akiwa ameacha kuvuta na kulichomeka kafi wima majini ili pua izunguke hapo. Akichelewa pigo moja, mtumbwi unakwenda kuzunguka kama lori la mkaa na wenzako wanapita kwa ndani. Tunafanya mazoezi ya kugeuka zaidi ya mazoezi ya kasi, na bado kila mwaka wapo wanaosahau wakisikia kelele.

Wanafanyaje mazoezi Mbeya ambako hakuna ziwa?

Bwawa la umwagiliaji mara moja kwa wiki, kwa ruhusa ya wenyewe. Siku nyingine nchi kavu: kupanda vilima, kuvuta kamba, na kukaa kwenye benchi na makafi wakipiga hewa kwa kuhesabu hadi wote sita washushe kwa sauti moja. Jirani mmoja alidhani ni kwaya.

Wenzetu wa Kyela wamezaliwa majini na wanatuzidi kwa kuusoma mtumbwi. Sisi tuna pumzi. Anayeishi na kukimbia juu, akishuka ziwani, hewa inamtosha na kubaki.

Mwanangu akiwa wa akiba, kuna haja ya kulipa?

Anakula, analala, anasafiri, na mara nyingi anashindana, maana tumbo la mtu likivurugika Jumamosi usiku ndiye anayeitwa. Ndiyo.

Mchango ni kiasi gani?

Kiasi kiko kwenye barua ya mzazi, kwa sababu kinafuata bei ya dizeli. Kinalipia gari, kulala, chakula, mafuta ya boti za uokoaji na ujira wa waziendeshao. Unaweza kulipa kwa awamu. Anayeshindwa aje aongee na matroni faragha. Hakuna mtoto aliyewahi kubaki kwa sababu hiyo na hakuna mtoto anayejua nani kalipiwa.

Tunaweza kuja kutazama?

Karibuni sana. Mkifika, waamkieni wazee wa ufukweni kwanza. Ni maji yao. Ukijua kusema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, utapewa kiti. Msiegeshe magari kwenye mchanga wa kutolea mitumbwi. Na tunawaomba, kwa heshima zote, msiwape watoto maelekezo toka nchi kavu. Kijana akisikia "Badili!" ya nahodha na "Vuta kulia!" ya baba yake kwa wakati mmoja, atamtii baba.

Jumamosi mchana, watoto wakiwa wamelala, nendeni Lyulilo, mwendo mfupi kwa mguu. Siku hiyo ni ya mnada wa vyungu. Akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe huleta vyungu kwa mitumbwi, vimepangwa na nyasi katikati, na kushusha mzigo ule bila kupasua hata kimoja ni somo la mizani kuliko lolote tunalofundisha sisi. Vijana tunawapeleka wakiamka.

Asubuhi tukiona moshi unapanda katikati ya ziwa, kuna meli inaungua?

Hapana. Ni nzi wadogo wa ziwani wanaotoka majini kwa wingi usiohesabika na kupanda kama wingu. Wakiletwa na upepo nchi kavu, fungeni midomo.

Upepo ukikataa?

Tunasubiri hadi saa nne. Tunafuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unaotaja upepo na mawimbi ya maziwa, lakini wa mwisho kuulizwa ni mvuvi mzee anayetoka kutega. Akisema hapana, ni hapana. Ngurumo ikisikika, wote wanatoka majini na hakuna kurudi mpaka dakika 30 zipite tangu ya mwisho. Mchujo ukifutwa Jumamosi, Jumapili inakuwa ni mbio moja kwa muda. Zote zikifutwa, mchango haurudishwi, kwa kuwa gari lilikwenda na chakula kililiwa.

Mkishinda mnapata nini?

Kikombe, na mbuzi. Kikombe kinapanda Kosta. Mbuzi haipandi, analiwa Jumapili asubuhi au anaachwa kwa wenyeji, na suala hilo huleta mjadala mkali kuliko mbio zenyewe.

Mnarudi lini na tuwapokee wapi?

Jumapili. Fainali zinakwisha saa tatu, tunaondoka Matema saa tano, tunatarajia Uyole kati ya saa tisa na saa kumi jioni, na mjini nusu saa baadaye, pale pale mlipowaacha. Mtoto anakabidhiwa kwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu tu. Ukimtuma bodaboda, andika jina lake na namba ya pikipiki kwenye fomu kabla ya Ijumaa. Nguo zilizolowa zitakuwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya begi, zitoeni siku hiyo hiyo. Makafi na majaketi okozi ni mali ya timu: mtoto akija nayo nyumbani kwa bahati mbaya, yarudi Jumatatu.